Barafu ya Mwakijembe

Miaka tisa nilikwenda Mwakijembe na barafu.
Mimi fundi wa majokofu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani;
barafu ndiyo iliyokuwa saa yangu. Niliifungia kwenye kasha,
nikaipakia nyuma ya pikapu ya shemeji Semkiwa
pamoja na bunduki ya marehemu baba
na leseni ndani ya mfuko wa nailoni.
Siku ya kwanza vipande vinagongana kama meno.
Ya pili vinaogelea.
Ya tatu ni maji ya uvuguvugu yenye damu ya kanga,
na hapo nyika imekwisha, twendeni zetu mjini.

Mgeni siku mbili, wanasema, ya tatu mpe jembe.
Mimi sikuwahi kulishika hata mpini.

Kyalo ndiye aliyetuongoza.
Alitangulia na makubazi ya tairi, bila neno,
akiisoma ardhi kama mtu aliyeangusha sarafu jana.
"Kule," alisema kila mwaka, na kidevu chake
kikaelekea kilima cha kaskazini, huko mpakani,
mwendo wa saa nne.
Tulipata digidigi, tulipata kanga, mwaka mmoja pofu dume.
Tukapiga picha, mguu wangu juu ya shingo yake;
nikaitundika dukani, juu ya mitungi ya gesi.
Wateja wakaniita Bwana Nyama.
Nilifurahi, siwafichi.

Halafu Mwanasiti wangu akafa,
na barabara ikajaa vijana wenye vipuri vya bei chee.
Nikaenda Mwakijembe bila kasha.

Siku ya nne ilinikuta huko. Sikuwa nimewahi kuiona.
Ilikuwa siku ya kuteka maji.
Ya tano, maji.
Ya sita ngedere waliingia kwenye mahindi,
nikawafukuza kwa sufuria na matusi ya Ngamiani.
Risasi moja ni bei ya debe zima, nikaambiwa,
basi bunduki ikalala darini pamoja na mbegu.
Syombua, mke wa Kyalo, akanifundisha kuchana nyama
nyembamba, mpaka uone jua ng'ambo ya pili,
kuianika juu ya miiba, kisha kukaa hapo hapo
na fimbo, kumngoja mwewe.
Mimi, niliyekula miaka yote kwa kuuza baridi!

Masika yakachelewa. Umba ukakatika vidimbwi.
Nikajua kuwinda, mara nyingi, ni kuketi tu,
upepo usoni, mbung'o shingoni,
halafu kurudi kwa watoto
wanaotazama mikono yako kabla hawajaamkia.
Fisi walipita nje usiku. Zamani ningekuwa na hadithi ya mwezi mzima.
Nilivuta shuka nikalala.

Ndipo asubuhi moja Kyalo akanipeleka mahali.
Si mbali. Nyuma ya zizi, ukiteremka,
hatua ambazo chai yako haijapoa:
dimbwi, migunga minne, na tope
limekandwa kwa kwato mpaka ukingoni.
Kuro. Tandala. Choroa na ndama wake.
Miaka tisa, magoti yangu, kilima kile!
"Mbona, Kyalo..." nikasema.
Hakucheka. Alikuwa akikata kijiti cha mswaki.
"Wewe ulikuwa na barafu," alisema.

Leo gari jeupe limeegeshwa uani.
Kijana ana kofia mpya, koti lenye mifuko hadi mgongoni,
na kasha la buluu: kulishusha tu, nalisikia linavyogonga.
Amenipa shikamoo kwa adabu zote.
Ameuliza wanyama wako wapi.
Nyuma yangu moshi wa Syombua. Nyuma ya moshi, zizi.
Mtoto mmoja amenikazia macho, haongei.

Kidevu kimeinuka chenyewe.
"Kule," nasema. "Kilimani. Saa nne tu kwa miguu.
Wahi, barafu yako bado ngumu."